Kabla hujamwita mdudu sugu

Kwenu mnaoanza kazi ya utafiti wa bakteria hapa Moshi, poleni na karibuni.

Wiki yangu ya tatu maabara nilidhani nimevumbua kitu. Sahani tano za bakteria E. coli kutoka kwenye mkojo, na zote mdudu ameota mpaka ukingoni mwa diski ya imipenemu, kikaratasi chenye dawa ambacho dawa ikifanya kazi huzungukwa na duara tupu lisilo na bakteria. Hiyo ni dawa ya akiba. Ikigoma, daktari wodini hubakiwa na machache sana ya kumpa mgonjwa. Nikaenda kunywa chai huku natunga kichwa cha makala. Bosi wangu hata jedwali hakulitazama. Aliuliza tu, "Kontroli imetoka milimita ngapi?"

Sikuwa nimeipanda hiyo kontroli, yaani bakteria wa kulinganishia.

Tukaipanda siku ile ile: E. coli ATCC 25922, ambaye maabara duniani kote zinajua anauawa na dawa hiyo. Kesho yake naye akawa "sugu". Umeme ulikuwa umekatika Jumamosi, friji ikapata joto, na mimi mwenyewe nilizoea kufungua kopo la diski likiwa bado na baridi, hivyo hewa inaingia na kuacha umande. Imipenemu haivumilii unyevu. Nilikuwa napima karatasi tupu. Siku hizi diski zangu hukaa mezani mpaka ubaridi uzitoke kwanza, ndipo nifungue.

Makosa mengine hayana kelele. Ukichanganya bakteria wazito kupita 0.5 ya McFarland (kipimo cha ukungu wa mchanganyiko), duara linasinyaa na dawa nzuri inaonekana imeshindwa; wakiwa wepesi, duara linatanuka na mdudu sugu anapita kama mnyonge. Ageri, yaani chakula cha bakteria sahanini, iwe na kina cha milimita 4. Sahani zikae kwenye nyuzi 35 kwa muda wa saa 16 hadi 18, na usisome mapema kwa sababu daladala ya mwisho inaondoka.

Halafu kuna mgonjwa, ambaye sisi wa maabara humsahau. Ukimuuliza, "Umetumia antibaiotiki?" atasema hapana, na hadanganyi, neno hilo hana. Muulize kama alinunua dukani vidonge vya rangi mbili, na vilikuwa vingapi. Majibu yatakushangaza. Sampuli iliyochukuliwa baada ya dawa inaweza isioteshe chochote, na sahani tupu haina maana kwamba hakuna ugonjwa.

Hapo hapo ndipo takwimu zetu nyingi zinapopinda. Hospitali ya rufaa kama KCMC hupokea watu kutoka Rombo, Same, Mwanga na kwingineko, na wengi wao wameshajaribiwa dawa mbili tatu huko walikotoka. Usugu utakaoupata kwao ni wa hao, si wa Kilimanjaro nzima. Ukiandika "wakazi wa mkoa" kwenye ripoti, nitakurudishia.

Chupa moja ya damu ikiota stafilokokasi wa ngozi, mara nyingi ni uchafu wa wakati wa kuchoma sindano. Omba chupa ya pili.

Na vimelea unavyohifadhi kwenye glisaroli, nyuzi 80 chini ya sifuri, viandike kwa kalamu isiyofutika kwa spiriti. Ndani ya friza letu kuna visanduku viwili vyangu vya mwaka wa kwanza, na hakuna ajuaye, mimi nikiwemo, kilichomo.