Kutoona Jeraha Si Ushahidi Kwamba Hakubakwa

Juzi mkunga mmoja wa huku Kasese, Uganda, kaniandikia: "Sista, polisi wameniletea binti. Nimempima, sioni kitu. Kwenye Fomu 3A, ile ya polisi ya matokeo ya kipimo, niandike hakubakwa?"

Hapana, mwanangu. Andika "hakuna jeraha lililoonekana", basi.

Swali hilo limenikuta mwezi uliopita mahakamani. Wakili wa utetezi kaning'ang'ania: "Kizinda kilikuwa kizima, ndiyo au siyo?" Nikasema ndiyo, lakini kizinda ni utando unaovutika, hasa kwa aliyebalehe. Kinaweza kupitiwa kisichanike, na kikichanika hupona upesi, mara nyingi bila kovu. Kacheka. Nikamtajia utafiti wa Marekani uliochapishwa 2004: wasichana 36 waliopimwa wakiwa na mimba, au muda mfupi baada ya kuwa nayo, na ni wawili tu walioonekana na alama za hakika za kuingiliwa. Nikamuuliza kama hao wengine mimba waliletewa na upepo. Jaji kanikanya, mimi si wa kuuliza maswali, lakini jibu aliliandika. Nilitoka kifua mbele, sifichi. Kuna daktari aliwahi kuniambia mbele ya wanafunzi kwamba mkunga akipanda kizimbani kesi imekufa. Habari naona imemfikia.

Haya, fomu. Jeraha lielekeze kwa namba za uso wa saa, useme binti alilala vipi: mchaniko mbichi kwenye namba 6, amelala chali, milimita nne, unatoa damu. Andika amefika baada ya muda gani, kama ameoga au kubadili nguo. Wekundu mtupu usiufanye ubakaji. Fangasi na kujikuna huleta wekundu uleule, na huyo aliye rumande naye ana mama. Neno "bikira" lisionekane kabisa. Shirika la Afya Duniani na wenzake wa Umoja wa Mataifa walitaka kipimo cha bikira kikomeshwe tangu 2018, bado kuna watu wanaingiza vidole! Mcheni Mungu.

Kisheria, kuingia kidogo tu kunatosha, na mahakama ya juu kabisa ya Uganda ilishasema si lazima kizinda kichanike. Kuamua kama alibakwa ni kazi ya jaji. Wewe andika ulichokiona.

Na fomu isikucheleweshee dawa. Za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, ya kuzuia mimba ndani ya siku 5, zote mapema iwezekanavyo. Kama hujampa, funga simu umpe sasa.