Kwa nini penisilini haigusi homa ya mapafu ya ng'ombe

Ndugu wa Mbarali, umeuliza kwa nini penisilini haikumfaa ng'ombe wako mwenye homa ya mapafu, na hicho kijidudu chenye jeni chache kinaishije.

Penisilini huvuruga ujenzi wa ukuta wa seli. Mikoplazma, bakteria anayeleta homa hii, hana ukuta huo. Jeni zake za kuujenga zilishapotea. Jenomu yake, yaani DNA yake yote, ni kama jozi za besi (herufi za DNA) milioni 1.2, wakati E. koli, bakteria wa utumbo anayetumika maabara, ana milioni 4.6. Asichoweza kutengeneza anakwapua kwa ng'ombe: asidi amino, malighafi za DNA, hata kolesteroli ya kuimarisha utando wake. Ndiyo maana maabara huongeza seramu (majimaji ya damu) asilimia 10–20 kwenye chakula cha kumkuzia. Ukitumia agari (jeli ya kukuzia bakteria) ya kawaida hutaona kitu, kisha utaambiwa sampuli ni safi. Si kweli.

Ubaya mkubwa uko kwenye gliseroli, sehemu ya mafuta ya mwilini anayoila. Anaivuta ndani, anaibandika fosfeti, kisha kimeng'enya kilichokaa kwenye utando kinaioksidisha, yaani kinaichoma kwa oksijeni. Taka yake ni haidrojeni peroksaidi, na hiyo ndiyo inayodhaniwa kuunguza seli za mapafu. Yaani kula kwake ndiko kunakodhaniwa kuumiza.

Dawa za oksitetrasaiklini na tailosini humfikia kwa sababu huzuia utengenezaji wa protini. Lakini ng'ombe anaweza kuonekana amepona huku kijidudu kimejificha kwenye kipande cha pafu kilichokufa, akaambukiza wenzake baadaye. Mtenge leo, usimpeleke mnadani, umwite afisa mifugo wa kata.