Simu ya Ami na kitufe cha R

Ofisi ya Ami iko ghorofa ya pili, hatua chache kutoka Moi Avenue, na kazi yetu ni kuwatolea watu mizigo bandarini. Mezani pake pana simu ya rangi ya krimu aliyoletewa na binamu yangu kutoka Uingereza, risiva yake nzito kama mchi. Tulipohamia simu za intaneti nilimwambia tununue simu mpya. Akanitazama kwa juu ya miwani. "Hii ina kasoro gani?"

Haikuwa na kasoro. Basi tukanunua adapta, kijisanduku cha kutosha kiganjani: huku waingia waya kutoka kwa rauta, huku watoka waya mwembamba wa kwenda kwa simu, na katikati waya wa stima. Siku hiyo hiyo simu ikalia. Tabu ilianza tulipotaka zaidi ya kupiga na kupokea.

Kapiga mteja wa Nakuru, ataka kujua kontena lake limefika wapi. Faili iko kwa mwenzangu chumba cha pili. Nikabonyeza R ili nimsubirishe mteja na nimpigie mwenzangu. Kimya. Nikabonyeza tena, mteja bado yupo, asikia tu kiti changu kikilia. Nikaacha kitufe nikatumia kidole, nikagandamiza kile kijino ambacho risiva hukilalia. Simu ikakatika. Akapiga, nikamkata tena. Mara ya tatu hata salamu hakutoa: "Ndugu, mbona wanikatia?"

Usiku ule ndipo niliposoma maelezo ya ile adapta kwa makini. Kitufe cha R, ambacho simu nyingine wamekiandika Flash, hakitumi sauti yoyote. Kazi yake ni kukata waya kwa muda mfupi mno, kisha kuuunganisha tena. Adapta huupima muda huo. Ukiwa mfupi kupita kiasi, yachukulia ni mkwaruzo wa waya na kupuuza. Ukiwa mrefu, yaona umeweka risiva chini, nayo yakata. R ya simu za Uingereza hukata kwa milisekunde 100 hivi. Za Marekani hufika kama 600. Adapta yetu ilikuja imepangwa kutambua kuanzia 300 hadi 1100. Kwa hivyo R ya Ami ilikuwa sawa na mtu anayepiga hodi kwa ukucha kwenye mlango wa mninga, na kidole changu, kwa kiwewe, kilikaa zaidi ya hapo.

Dawa yake ni dakika tano. Fungua ukurasa wa mipangilio ya adapta kwa kompyuta iliyo kwenye mtandao huo huo, tafuta palipoandikwa Hook Flash Timing, kisha ushushe kile kiwango cha chini. Mimi niliweka 80. Usishuke zaidi ya hapo, hasa kama simu yako ni kuukuu na kijino chake kimelegea, maana kila ukitikisa meza adapta itadhani umebonyeza R. Na kama simu yako haina R kabisa, kidole kinatosha, ila kiwe chepesi: gusa, achia, kama nusu sekunde.

Kuanzia hapo mambo yakawa rahisi. Mteja akiwa laini, nabonyeza R. Yeye asubiri, mimi nasikia mlio wa laini. Napiga namba ya mwenzangu na kumalizia kwa #, maana bila # adapta hukaa sekunde kadhaa ikingoja kama utaongeza tarakimu, na mteja huko azidi kuhesabu dakika. Mwenzangu akipokea namweleza: ni fulani, ataka habari za kontena. Akikubali, naweka risiva chini, nao wawili wabaki wakizungumza. Asipopokea, R tena yanirudisha kwa mteja. Jaribuni kwanza wenyewe kwa wenyewe kabla ya kumfanyia mteja, kwa sababu kuna adapta ambazo hazihamishi simu ukiweka risiva mpaka uiruhusu kwenye mipangilio. Ukiweka kabla ya hapo, wote wawili waweza kukatwa papo hapo.

Simu ya pili ikiingia wakati unaongea utasikia mlio mfupi sikioni. Ni R hiyo hiyo: wa kwanza asubiri, wa pili umsikize, R tena urudi.

Sasa zile kodi za nyota, yaani namba fupi za amri zinazoanza kwa *. Sisi tuliozoea kuangalia salio kwa nyota na # hazitutishi, lakini jambo moja lilinigharimu. Kwa adapta yetu, ukibonyeza *72, ukapiga namba ya simu ya mkononi, ukamaliza kwa #, simu zote za ofisini zahamia huko. *73 yazirudisha. Nilikuwa nikifanya hivyo kila Ijumaa kabla hatujaenda msikitini, na kwa wiki kadhaa ilikuwa raha tupu. Ijumaa moja stima ikapotea kabla ya adhana. Nikajiambia hata hivyo simu zaja kwangu. Hakuna iliyokuja. Tuliporudi Ami akakuta kwenye simu yake ya mkononi ujumbe wa mteja akiuliza kama tumefunga ofisi.

Kosa ni langu. Amri ile ilikuwa imehifadhiwa ndani ya adapta. Adapta ikizimika, hakuna wa kuitekeleza. Laini za zamani zilitusahaulisha hilo, kwa sababu kituo cha simu kilikuwa kikituma umeme wake, volti 48, kupitia waya wenyewe, na simu ililia hata mtaa mzima ukiwa gizani. Ya intaneti ni lazima rauta na adapta zote mbili ziwe hai. Kwa hivyo tulifanya mawili. Tulinunua UPS ndogo, yaani betri ya kushikilia stima ikipotea, ya vitu hivyo viwili tu, si kompyuta wala feni. Kisha niliingia kwenye akaunti yetu kwa kampuni inayotupa huduma, nikapanga kule kwamba laini yetu isipopatikana, simu iende kwa namba yangu. Hiyo haitegemei adapta. Ukitaka kujua yako imepangwa wapi, ichomoe adapta kwenye soketi kisha ujipigie.

Na kodi zenyewe msizinakili kutoka kwangu mkazipeleka popote. Kampuni nyingine zina kodi zao, na nyota unayobonyeza yaweza kushikwa na adapta kabla haijafika kwao. Ukibonyeza ukasikia mlio wa kukataa, angalia kwanza pande hizo mbili.

Namba ya anayepiga nayo ilitusumbua, japo si sana. Kioo cha simu ya Ami kilikaa kitupu wiki nzima, kwa kuwa simu za Uingereza hutarajia namba ije kabla ya mlio wa kwanza, na adapta ilikuwa ikiituma kwa mtindo wa Kimarekani, baada ya mlio wa kwanza. Nikabadilisha mtindo, zikaanza kuonekana. Wenye simu za mtindo ule mwingine, msikurupuke kuokota risiva mlio wa kwanza. Ngojeni wa pili.

Benki ikikwambia "bonyeza moja" nawe ukabonyeza wala isisikie, tafuta mpangilio wa DTMF, yaani milio ya tarakimu unazobonyeza, uchague palipoandikwa RFC 2833, ili tarakimu zisafiri kando na sauti iliyobanwa.

Na kabla hujachomeka adapta kwenye tundu la simu ukutani ili vyumba vyote vipate laini, hakikisha waya wa kampuni ya zamani umekatwa nje. Umeme wa laini hai ukirudi ndani ya adapta waweza kuiunguza.

Ami ameandika kwa mkono wake kipande cha karatasi, akakibandika kwa selotepu juu ya simu: R, 12, #, sema, weka. Chini yake, kwa kalamu nyekundu: "Usigandamize."