Dondoo Limeonyesha Nguvu? Jaribu Kulikanusha Kwanza

Kila mwaka napokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa wanafunzi wa uzamili: "Mwalimu, dondoo langu limeua seli za saratani. Nifanye nini sasa?" Dondoo ni mchanganyiko wa kemikali uliotolewa kwenye mmea au kiumbe kingine kwa kutumia kiyeyushi. Furaha iliyomo kwenye ujumbe huo naijua vizuri na sipendi kuizima. Lakini jibu langu halibadiliki. Sasa tafuta kila njia ya kuonyesha kwamba halikuziua. Likishinda mitego yote uliyolitegea, hapo una kitu cha kufuatilia.

Naandika haya kwa anayeingia kwenye kemia ya dawa kwa kupitia mimea, kuvu au viumbe wa baharini. Njia hii imetupa kwinini, mofini, statini za kwanza, yaani dawa za kushusha lehemu, na sehemu kubwa ya antibiotiki tunazotumia, kwa hiyo simwambii mtu aiache. Ninachotaka ni kwamba asimalize miaka ya ujana wake akifukuza kivuli.

Anza na mmea wenyewe. Kabla hujasaga jani lolote, tenga kielelezo: tawi lenye maua au matunda, likaushwe, libandikwe kwenye karatasi, lipewe namba na kuwekwa kwenye herbaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, na mtaalamu wa mimea athibitishe jina lake la kisayansi. Andika tarehe, mahali, sehemu ya mmea uliyochukua, na kama ulikuwa msimu wa mvua au wa kiangazi. Wengi huona huu ni urasimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Ubelgiji, wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo baada ya kutumia vidonge vya kupunguza unene ambamo mmea wa Stephania tetrandra ulikuwa umebadilishwa na Aristolochia fangchi, kwa kuwa majina ya mimea hiyo miwili katika biashara ya dawa za Kichina yanakaribiana. Asidi ya aristoloki iliyomo kwenye huo wa pili huua figo na pia husababisha saratani ya njia ya mkojo. Kwa hiyo anayeniambia kwamba kitu ni salama kwa sababu ni cha asili, namrudisha kwenye kisa hicho.

Na hata jina likiwa sahihi, mti mmoja si sawa na mwingine. Mwaka 1987 yalikusanywa majani na vijiti vya mti wa Calophyllum lanigerum huko Sarawak, Malaysia. Maabara huko Marekani ikapata ndani yake kampaundi inayozuia virusi vya UKIMWI, ikaitwa kalanolidi A. Waliporudi kuchukua zaidi, mti ule ulikuwa umeshakatwa, na miti mingine ya jamii hiyo waliyoipima haikuwa na kampaundi ile. Ilikuja kupatikana tena kwenye miti iliyopandwa zamani katika bustani ya mimea ya Singapore. Chukua sampuli ya kutosha kurudia jaribio lako angalau mara moja, na ukusanye kutoka kwenye miti zaidi ya mmoja.

Upande wa kutoa dondoo, ushauri wangu ni mfupi: soma kwa makini jinsi watumiaji wa asili wanavyoandaa dawa hiyo, kisha fikiria kikemia kwa nini wanafanya hivyo. Tu Youyou na wenzake walipokuwa wakitafuta dawa ya malaria nchini China, matokeo yao ya mmea wa qinghao, yaani Artemisia annua, yalikuwa yakipanda na kushuka. Maandishi ya tabibu wa karne ya 4, Ge Hong, yalieleza kuuloweka mmea kwenye maji na kuukamua. Hakuna mahali palipotajwa kuchemsha. Tu akahisi kwamba joto ndilo linaloharibu dawa, akabadili akatumia etha, kiyeyushi kinachochemka kwenye nyuzijoto 35 tu, kisha akaondoa sehemu ya asidi iliyokuwa na sumu na kubaki na ile isiyoelemea kwenye asidi wala besi. Mwezi Oktoba 1971 dondoo hilo liliwasafisha panya vimelea vyote. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Sasa niingie kwenye majaribio ya kibayolojia, maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Kampaundi nyingi za mimea hazizuii protini yoyote kwa namna yenye maana kwa dawa, ila zinajua kuvuruga kipimo. Tanini hushikamana na karibu kila protini iliyo mbele yake, kwa hiyo dondoo lenye tanini litaonekana linazuia kimeng'enya chochote utakachokipima. Saponini hupasua chembe nyekundu za damu. Kwa kuwa vimelea vya malaria huishi ndani ya chembe hizo, dondoo lenye saponini litaonekana limeviua, kumbe limewabomolea nyumba. Kabla ya kutangaza dawa ya malaria, weka dondoo lako kwenye damu isiyo na vimelea, zungusha kwenye mashine ya kutenganisha, uone kama maji ya juu yamegeuka mekundu.

Kuna jingine ambalo nimeliona kwa macho. Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia alileta sahani ya visima 96 kutoka kwenye jaribio la rangi ya MTT. Rangi hiyo ni ya njano, seli zilizo hai huigeuza kuwa zambarau, na wingi wa zambarau ndio unaosomwa kama wingi wa uhai. Matokeo yake yalipendeza: dondoo lilikuwa kali kwa vimelea, na seli za binadamu hazikudhurika kabisa. Kwenye dozi kubwa zaidi, seli hai zilisomeka kuwa zaidi ya asilimia 100. Namba hiyo ndiyo iliyonifanya nisimame. Nikamwomba arudie na visima visivyo na seli hata moja, vyenye dondoo na rangi peke yake. Vilikuwa zambarau kabla hatujamaliza mazungumzo. Polifenoli za mmea zilikuwa zikifanya kazi ya seli. Tulipoweka sahani ya kwanza chini ya hadubini, zile seli "zisizodhurika" zilikuwa zimejikunja kuwa viduara na kuelea. Tangu hapo ninawataka wote ninaowasimamia waweke safu ya visima visivyo na seli, na waangalie seli kwa hadubini kabla ya kuamini namba ya mashine.

Mtego wa tatu ni mafundo. Molekuli zisizopenda maji hukusanyika kwenye jaribio na kuwa vidonge vidogo visivyoonekana kwa macho, na kimeng'enya hunaswa juu yake. Dawa ya hilo ni rahisi: rudia jaribio ukiongeza Triton X-100, aina ya sabuni ya maabara, kwa ukolezi wa asilimia 0.01. Nguvu ikitoweka, hukuwa na kizuizi, ulikuwa na mafundo. Jaribio hili huchukua mchana mmoja na linaweza kukuokoa na mwaka mzima wa kazi bure.

Halafu tazama ukolezi. Dondoo ghafi linalohitaji miligramu nzima kwa mililita ili lifanye kitu, liache. Kampaundi nyingi mno hufanya kitu kwenye kiwango hicho. Mimi humwambia mtu aendelee kama nguvu inaonekana chini ya mikrogramu 100 kwa mililita, na kwa kampaundi safi nataka kuona maikromola 10 au pungufu. Sambamba na hilo nataka dozi inayoua seli za kawaida iwe mbali na ile inayoua lengo. Pengo likiwa dogo, ulichonacho ni sumu.

Mfano ninaoutumia sana ni kurkumini, ile rangi ya njano iliyomo kwenye kiungo cha manjano (bizari). Tafiti zake ni maelfu na zimesema inatibu karibu kila ugonjwa. Mwaka 2017 wanakemia wa dawa walichapisha uchambuzi mrefu wakaonyesha kwamba molekuli hiyo huvuruga vipimo kwa njia nyingi, kwamba haifyonzwi vizuri mwilini, na kwamba licha ya majaribio zaidi ya 120 kwa binadamu, hakuna hata moja lenye kundi la dawa tupu (placebo) na usiri wa pande zote mbili, yaani mgonjwa na mtafiti wote hawajui nani kapewa nini, lililofanikiwa. Kwenye maji yenye hali inayokaribia ile ya damu, kwa joto la mwili, sehemu yake kubwa huvunjika ndani ya nusu saa. Inaniuma nikiona kijana mwenye akili akianza tasnifu nyingine ya kurkumini kwa sababu tu marejeo ni mengi. Wingi wa marejeo ndio uliopaswa kumtia shaka.

Mitego yote ikishapita, usikimbilie kutenganisha. Piga kwanza dondoo kwenye kromatografia iliyounganishwa na spektrometa ya masi, yaani mashine zinazotenganisha kampaundi na kupima uzito wa molekuli zake, ulinganishe na kampaundi zinazojulikana. Mara nyingi mhusika ni kwesetini, lupeoli au asidi ya ursoliki, kampaundi zilizomo kwenye mimea mingi, na huna haja ya kumwaga lita za kiyeyushi ili umjue upya. Ukiona kilele cha 149 kwenye spektra, shuku plastiki: ni alama ya fthalati kutoka kwenye mirija na chupa, na zimewahi kuripotiwa kama mazao ya mimea. Vivyo hivyo esta za methili kwenye dondoo la methanoli. Huenda mmea haukuzitengeneza, umezitengeneza wewe. Rudia kwa ethanoli uone kama zitatokea tena.

Baada ya hapo ndipo kemia ya dawa inapoanza hasa, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Molekuli ya asili mara chache huwa dawa kama ilivyo. Kazi yako ni kujua ni sehemu gani inayofanya kazi na ipi ni mzigo tu. Kwenye artemisinini, siri iko kwenye daraja la oksijeni mbili zilizoshikana. Chuma kilichomo kwenye himu, sehemu ya hemoglobini ya damu, ndani ya kimelea hulivunja, na vipande vinavyotokea huharibu protini zake. Ukiondoa oksijeni moja kwenye daraja hilo, nguvu inakwisha. Lakini kundi la kaboni na oksijeni lililo upande wa pili lilibadilishwa kwa sodiamu borohidridi bila daraja kuguswa, ikapatikana dihidroatemisinini. Kutokana nayo wakapata atemetha inayoyeyuka kwenye mafuta, na atesuneti inayoweza kuyeyushwa kwenye maji na kudungwa kwenye mshipa wa mgonjwa wa malaria kali.

Kampaundi ya sifongo wa baharini iitwayo halikondrini B ilikuwa kubwa na ngumu kupita kiasi. Mwanakemia Yoshito Kishi na wenzake waliisanisi, yaani waliijenga maabara hatua kwa hatua, mwaka 1992, na vipande vya njiani vilipopimwa ikaonekana kwamba nusu moja ya molekuli inatosha kuua seli za saratani. Nusu hiyo ilirekebishwa ikawa eribulini, dawa ya saratani iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010. Kwa hiyo usidharau vipande vya njiani. Vipime vyote.

Jiulize mapema pia malighafi itatoka wapi. Paklitakseli, dawa ya saratani, ilitolewa kwenye gome la mti wa Taxus brevifolia, na ukiubandua gome mti unakufa. Gome lililoanzisha yote lilikusanywa mwaka 1962, dawa ikaidhinishwa mwaka 1992, na katikati hapo uhaba wa gome ulikuwa sehemu kubwa ya tatizo. Suluhisho lilitoka kwenye majani ya ndugu yake, Taxus baccata, yenye kampaundi inayoweza kukamilishwa maabara. Majani huchipua tena.

La mwisho ni haki za watu. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa, ilianza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014, nayo inataka ridhaa ya awali na makubaliano ya kugawana faida kabla ya kuchukua rasilimali ya kijenetiki, pamoja na ujuzi wa jadi unaoendana nayo. Mzee aliyekuonyesha mmea na kukueleza unavyotumika ni mchangiaji wa utafiti, na makubaliano hayo yaandikwe kabla ya gunia la kwanza kutoka shambani. Usisubiri mpaka matokeo yawe mazuri ndipo urudi kuomba saini, maana wakati huo anayeomba ana siri na anayeombwa hana habari. Nakala ya ridhaa ikae faili moja na namba ya kielelezo cha herbaria, kwa kuwa wahariri wa majarida mengi watakuuliza vyote viwili.