Kona ya Tatu

Mhariri, swali lenu la wiki hii, kama kukua kwa miji duniani ni neema au ni mzigo, limenigusa penye kidonda, na naomba radhi kwamba nitajibu swali jirani yake. Mji hauzuiliki kukua: mwaka 2018 Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa asilimia 55 ya watu wote duniani walikuwa wakiishi mijini, na kwamba watafikia asilimia 68 ifikapo mwaka 2050. Watu hao hufuata kazi, shule na matibabu, wala hawakosei. Kinachonisumbua ni kipi kinatangulia kufika, nyumba au njia.

Ujanani nilipanga chumba katika makazi yaliyojengwa bila kupimwa, nyumba zikiwa zimepeana migongo, na vichochoro ambamo watu wawili wakikutana, mmoja hana budi kusimama ubavu. Usiku mmoja wa mvua mke wa jirani yangu alishikwa na uchungu wa uzazi. Gari liliitwa, likaishia kwenye lami. Tuling'oa mlango wa choo cha uani, jambo ambalo mwenye nyumba alitulaumu kwa mwezi mzima, tukautandika blanketi, tukambeba wanaume wanne, huku bibi mmoja mkunga akitangulia na taa na kutuambia, "Taratibu, wanangu, taratibu." Kila penye kona ilibidi tuuinamishe mlango, naye mama wa watu ang'ang'anie shingo ya mumewe asiporomoke. Kona ya tatu tulikwama kabisa. Chumba kilichoongezwa mwaka uleule kilikuwa kimetokeza hadi katikati ya njia, na mlango haukupita, si kwa ubapa wala kwa ubavu, mpaka tukaunyanyua juu ya vichwa vyetu. Mwenzetu aliyeshika pembe ya nyuma aliulaani ule ukuta kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa, ilhali ni yeye aliyeujenga. Mtoto alizaliwa garini, akiwa mzima.

Baadaye walikuja wapimaji na rangi nyekundu, wakachora alama ya X kwenye kuta zilizotakiwa kupisha barabara. Niliwachukia sana, na nilipoanza kuandika jibu hili nilikusudia kuilaani bomoabomoa ya kila aina. Sasa naona kosa lilitendeka mapema zaidi. Mwaka 1811 makamishna wa New York walichora mitaa ya Manhattan hadi Mtaa wa 155, wakati mji ule ulikuwa na watu wapatao laki moja tu na sehemu kubwa ya kisiwa ilikuwa bado mashamba. Mstari juu ya shamba haumhamishi mtu sebuleni kwake. London, kinyume chake, ilisubiri mpaka uvundo wa mto Thames ulipowafikia wabunge mwaka 1858 ndipo mhandisi Joseph Bazalgette akaruhusiwa kujenga mfumo wake mkubwa wa majitaka, na kipindupindu kilikuwa kimeshaua maelfu. Wapo pia waliochelewa lakini wakatumia akili: Medellín, mji wa Kolombia, tangu mwaka 2004 imeunganisha vitongoji vya mlimani na treni za mji kwa magari yanayoning'inia kwenye kamba, yakipita juu ya mapaa.

Hata hivyo, gari la kamba halimbebi mwenye uchungu saa nane za usiku kutoka mlangoni kwake. Kwa hiyo nasema, kinyume na nilivyokusudia, njia ikatwe hata pale ambapo watu wameshajenga, ilimradi isizidi upana wa gari la wagonjwa, fidia itangulie tingatinga, na wapangaji nao wahesabiwe. Nakiri kwamba chumba nilichopanga hakikuchorwa alama, hivyo huenda haya yananitoka kwa wepesi kuliko yangemtoka yule mwenye ukuta wa kona ya tatu, aliyelipwa fidia ya chumba kimoja na hadi leo anadai vilikuwa viwili.