Simba wangu alitoka na miraba

Siku ya kwanza kubeba kamera kwenda kwenye bustani ya wanyama nilirudi na picha mia tatu na ushee, nikajiona bingwa. Nilipozifungua kwenye kompyuta nikakuta nimepiga waya. Waya umetoka safi, hadi kutu yake unaiona, na nyuma yake kuna doa la kahawia ambalo ukiambiwa ni simba itabidi uamini tu. Nilikuwa nimezunguka vizimba vyote, dakika mbili hapa, tatu pale, kama karani anayegonga mihuri.

Siku hizi nachagua wanyama wawili tu. Wengine nawasalimia nikipita.

Nianze na huo wavu, maana ndio unaowakatisha tamaa wengi. Kamera ikiachiwa ijichagulie fokasi, yaani mahali pa kutoka wazi pichani, mara nyingi hushika kitu kilicho karibu zaidi. Haijui umekuja kumwona nani. Iwekee nukta moja ya fokasi, uitegeshe kwenye jicho la mnyama, au zungusha pete ya lenzi kwa mkono. Kisha fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, iwe f/2.8, f/4 au f/5.6 kadiri lenzi yako inavyokubali (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), uvute lenzi (zoom) mpaka milimita 200 au zaidi, na usogeze mdomo wa lenzi karibu kabisa na wavu. Kama kuna uzio wa pili wa kuwazuia watu, baki nje yake, usiuruke.

Halafu subiri mnyama arudi nyuma. Hapa ndipo wengi tunapokosea, tunamwita aje karibu. Simba aliye mita kumi nyuma ya wavu, wavu wenyewe huyeyuka pichani kana kwamba haupo. Akiuegemea, hakuna lenzi itakayokuokoa, na hiyo ndiyo miraba niliyomchora wangu. Angalia na jua pia: waya uliopigwa na jua hung'aa na kutandaza utando mweupe juu ya picha nzima. Tafuta upande wenye kivuli, au ukinge kwa kofia. Wenye simu mna nafuu, lenzi yenu ni ndogo, inaenea katikati ya jicho moja la wavu. Iwekeni hapo kwa nje, msiipenyeze ndani. Tumbili hana haraka ya kurudisha simu ya mtu.

Kwenye kioo, zima flashi. Itakurudishia mwanga wako mwenyewe, na mnyama aliye ndani hana sababu ya kumulikwa. Bandika lenzi kwenye kioo, ikiwezekana iwe imevaa kikinga mwanga cha mpira, na usimame ukikitazama kioo moja kwa moja. Ukipiga kwa mshazari kioo kinene hupindisha picha. Vaa nguo nyeusi. Nina picha ya sokwe mtu mwenye sura ya busara kupindukia, na katikati ya paji la uso wake kuna shati langu jeupe. Ukiweza fika asubuhi mapema, kabla vioo havijaguswa na viganja na pua za watoto.

Huyo sokwe alinifundisha jambo jingine. Mnyama mweusi akijaa kwenye fremu, kamera hudhani kuna giza, huongeza mwanga, na weusi wake hugeuka kijivu. Punguza mwanga kidogo. Ndege mweupe ni kinyume chake, mwongezee.

Kuhusu kasi ya kamera kufunga na kufungua, 1/500 ya sekunde hunitosha kwa mnyama anayetembea. Kwa nyani wanaorukiana napanda 1/1000 na zaidi. Ndani ya banda lenye giza napandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 1600, hata 3200, bila kusita. Picha yenye chembechembe bado ni picha. Iliyotikisika ni ya kufutwa.

Na usimfuate simba mchana ukitegemea atafanya chochote. Anaweza kulala hadi saa 20 kwa siku, wala hajali umetoka wapi. Nenda asubuhi wakati bado kuna ubaridi, na uwaulize watunzaji muda wa kulisha. Wao ndio wanaojua nani huamka lini na hupenda kukaa wapi.

Picha yangu ninayoipenda ni ya chui. Nilikaa mbele ya kizimba chake karibu saa nzima, robo tatu yake kamera ikiwa mapajani. Alikuwa akizunguka njia ileile, na kila akifika kwenye jiwe moja la pembeni aligeuka, na kwa sekunde moja hivi jua lilimwingia machoni. Nikaweka fokasi kwenye jiwe, nikaacha kumfuatafuata. Mizunguko mitatu nilichelewa kubonyeza. Wa nne akatokea: macho yote mawili, masharubu, kivuli nyuma, wavu hauonekani hata kidogo.

Baadaye mtunzaji mmoja aliniambia kwamba kuzunguka namna ile mara nyingi ni dalili ya mnyama kuelemewa na kufungwa. Picha bado naipenda. Ila watu wakiisifu jinsi chui alivyotulia, huwa nawaeleza alikuwa akifanya nini.