Usisaini kwanza, mwanangu

*Shikamoo Shangazi. Baba alifariki akatuachia nyumba Temeke, yenye wapangaji na fremu mbili za biashara. Mahakama ilimteua kaka yetu mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi. Sasa ameniletea karatasi nisaini kwamba nimeridhia hati iandikwe jina lake, eti kurahisisha mambo. Mama ananisihi nisaini, undugu usivunjike. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Usisaini kwanza.

Kazi ya msimamizi ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni, kuwagawia warithi, kisha kurudi mahakamani na hesabu. Jina la kaka yako kuingia kwenye hati kama msimamizi wa mirathi ya baba yenu ni hatua halali, na ndiyo njia ya kuifikisha nyumba kwa warithi. Kuandikwa kama mmiliki ni jambo jingine kabisa. Isome karatasi hiyo mstari kwa mstari. Ukikuta maneno kama "naachia haki yangu" au "sina madai yoyote", ujue fungu lako linakwenda.

Mwombe kaka, kwa adabu na mama akiwepo, awaonyeshe barua ya usimamizi na fomu aliyoorodhesha mali. Kama aliteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, alitakiwa kuiwasilisha ndani ya miezi 4. Ulizeni pia kodi ya fremu anapokea nani.

Mama namwelewa, hakuna mzazi anayetaka wanawe wafikishane mahakamani. Lakini na yeye ni mrithi. Mirathi ikienda Kiislamu, mjane mwenye watoto ana 1/8 yake. Nyumba ikiwa ya kaka peke yake, siku akiiwekea rehani benki, au akitangulia yeye, mama ataanza kuomba hifadhi kwenye nyumba aliyoijenga na mumewe. Hilo linaniuma kuliko yote. Mwambie hivyo hivyo, taratibu, mkiwa wawili.

Kama hamtaki kuuza, warithi wote mnaweza kuandikwa kwenye hati, kila mtu na hisa yake. Kaka akiitaka sana, nyumba ithaminiwe na mthamini, awalipe mafungu yenu.

Akigoma, nenda mahakama iliyomteua na namba ya jalada la mirathi. Kituo Jumuishi cha masuala ya familia kipo huko huko Temeke, ulizia hapo. Ukiona anaharakisha, wahi kwa Msajili wa Hati uweke zuio, mazungumzo yaendelee nyumba ikiwa salama.